Nota mbili zinatosha: kwa nini muziki wa filamu nyingine hautoki kichwani

Haya tuanze, mliosimama mlangoni ingieni, huku mbele kuna viti. Wengi wenu mmeshanisikia nikiongea haya na leo nayasema tena manake bado hatubadiliki. Kila nikimuuliza mtu ni muziki gani wa filamu unaupenda ananiambia "ule unaosisimua". Sawa, unasisimua. Lakini mbona kuna filamu kibao unasisimka ukiwa umekaa kwenye kiti na ukitoka tu nje huwezi kuuimba hata kidogo? Na kuna nyingine uliiona mara moja ukiwa mdogo, stori umeisahau, sura za waigizaji umezisahau, muziki upo palepale. Mimi jibu langu ni lilelile: muziki unaokaa kichwani ni ule uliopewa kazi ndani ya filamu, kazi moja inayoeleweka, na hautumiki kumdanganya mtazamaji. Uzuri wa melodi unakuja baada ya hapo.

Jaws, 1975, filamu ya papa wa baharini anayekula watu. Naona watu wameshaanza kutazamana, kaanza tena na papa wake. Ndio nimeanza na nitakaa hapo manake karibu kila ninachotaka kusema kimo mle ndani. Habari ya papa wa mashine aliyekuwa anaharibika kila akiingizwa kwenye maji ya chumvi mnaijua, ikabidi wamwonyeshe kidogo tu, sirudii. Ninachotaka mkitazame ni kilichofuata. Filamu ina saa mbili na kidogo, na papa mwenyewe humuoni vizuri mpaka saa nzima imeshapita. Sasa hiyo saa nzima unaogopa nini? Unaogopa nota mbili. Mtunzi wa muziki John Williams alipompigia muongozaji Steven Spielberg zile nota kwenye piano Spielberg alicheka, alidhani anataniwa, na mtu yeyote angedhani hivyo, manake ni mi na fa, funguo mbili zinazogusana kwenye kinanda, basi, hakuna kingine.

Lakini angalia zinavyotumika. Chelo na besi zinaanza taratibu, zinanyamaza, zinarudi, zinaanza kukimbia, na sikio lako linaelewa lenyewe bila kufundishwa na mtu kwamba polepole maana yake yuko mbali, haraka yuko karibu, kwa sauti kubwa ameshafika. Yani wewe kwenye kiti unapiga hesabu ya umbali kwa masikio! Juu yake kuna tuba, ile tarumbeta kubwa nzito, inapigwa juu kuliko inavyozoea kupigwa, kwa hiyo unasikia kitu kikubwa kinachojikaza. Ule muziki haumwelezei papa, ule muziki ndo papa mwenyewe, manake kwenye picha pale hakuna kitu, kuna maji tu na miguu ya watu wanaoogelea.

Sasa hapa ndo napenda, na hapa ndo huwa nawapoteza watu lakini leo mtanivumilia. Kuna watoto wawili wanaingia baharini na pezi la uongo la kadibodi. Ufukwe mzima unachanganyikiwa, watu wanakanyagana kutoka majini, na muziki je? Hamna. Hata nota moja. Mara ya kwanza unaweza usigundue, ila mwili wako unagundua, unaona kabisa kuna kitu hakijatimia. Filamu imekuambia ukweli kabla polisi hawajaujua. Dakika chache tu baadaye, upande wa pili kule kwenye maji yaliyotulia, zile nota zinaanza, na wewe unajua hii sasa sio mchezo wakati watu wa kwenye filamu bado wanahangaika na wale watoto. Hapo unataka kupiga kelele umwambie mtu atoke majini. Huo woga hauletwi na sauti kubwa wala na damu, unaletwa na uaminifu, yani umeshaamini kwamba zikilia yupo na zisipolia hayupo.

Halafu wakishakufundisha hiyo sheria vizuri wanaipindua mara moja. Brody, yule mkuu wa polisi, yuko nyuma ya mashua anarusha chambo baharini, analalamika huku kichwa kageuza pembeni, muziki hakuna, na papa anatokeza mdomo wazi. Mtu ataniambia basi wewe si umesema haudanganyi? Hapana, sikiliza vizuri. Kunyamaza sio kudanganya. Uongo ungekuwa kupiga zile nota halafu papa asiwepo, na hicho hawakukifanya. Walichofanya ni kukaa kimya pale ulipokuwa umeshazoea kuonywa, na wamekuja kukifanya baada ya zaidi ya saa nzima ya kukuambia kweli, wakati kuamini kwako kumejaa. Ndo maana unaruka.

Linganisha na hizi filamu za kutisha tunazoletewa kila mwezi. Muziki unapanda, unapanda, mlango unafunguliwa, paka. Unapanda tena, mlango, rafiki yake anamshika bega. Mara ya tatu mtazamaji hausikilizi tena, ameshajua huu muziki ni muongo, na kikija kitu chenyewe inabidi waweke sauti ya kupasua masikio. Halafu tunashangaa hakuna anayekumbuka chochote. Utakumbukaje kitu ambacho umejifunza kukipuuza?

Kuna usemi mnaupenda sana, kwamba muziki mzuri wa filamu ni ule usiousikia. Jamani huo usemi umetuharibia watunzi wengi. Nakubali kuna sehemu muziki unatakiwa ujifiche, maongezi ya watu wawili mezani hayahitaji tarumbeta. Ila usigeuze hiyo ikawa sheria ya filamu nzima, manake matokeo yake ndo haya, muziki uliotandazwa kuanzia dakika ya kwanza mpaka ya mwisho, nota ndefu za vayolini zisizokwenda popote, kama mtu aliyekaa pembeni yako anakunong'oneza sasa huzunika, sasa ogopa. Usiousikia na usiokuwepo mwishowe vinakuwa kitu kimoja.

Twende mbele. Kazi ya muziki inaweza kukua, na hapa nabaki na Williams huyohuyo. Ile machi, muziki wa gwaride, ya Darth Vader, yule adui mkuu wa Star Wars, watu wengi wanaapa waliisikia kwenye Star Wars ya kwanza ya 1977. Haikuwepo. Ilikuja 1980 kwenye The Empire Strikes Back, na toka hapo kila Vader akiingia inaingia, matarumbeta na ngoma, mpaka mtoto mdogo anaijua. Miaka mitatu baadaye kwenye Return of the Jedi Vader anakufa mikononi mwa mwanae, na melodi ni ileile, lakini sasa iko laini, mwishoni inabaki kwenye kinubi tu. Hakuna mtu anayekuambia kwamba huyu alikuwa binadamu, melodi imeshakuambia. Lakini hilo linawezekana kwa sababu moja, kwamba melodi yenyewe ilikuwa na mwenyewe. Ingekuwa imepigwa ovyo kwenye kila pigano usingesikia tofauti yoyote.

Sasa nije kwenye kinachonikera, na waliopo humu wanaofanya uhariri wanajua naelekea wapi. Muziki wa muda. Mhariri anakata picha, muziki wa filamu bado haujatungwa, anachukua wa filamu nyingine anaubandika ili apate mwendo. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya unaanza muongozaji anapouangalia huo mkato wiki baada ya wiki mpaka anaupenda, halafu anamwita mtunzi anamwambia nitengenezee kama huu ila usiwe huu. Hiyo nayo ni kazi gani? Mtunzi anapewa kivuli akichore. Na ule wa muda wenyewe nao ulitungwa kwa kuiga wa muda wa filamu iliyotangulia, na kuendelea, ndo maana ukifumba macho kwenye filamu tano za mashujaa huwezi kusema uko kwenye ipi.

Najua, mtanirushia muongozaji Stanley Kubrick, manake yeye alibaki na muziki wa muda. 2001: A Space Odyssey, 1968. Mtunzi Alex North aliajiriwa akatunga, Kubrick akautupa wote akabaki na rekodi alizokuwa anakatia picha, na North akaja kugundua kwenye onyesho la kwanza kwamba kazi yake haimo. Kwa North ule ulikuwa ukatili na sitautetea. Lakini kwenye hoja yetu Kubrick hakuagiza mwigo. Alibaki na vitu vyenyewe, kazi za watunzi Richard Strauss, Johann Strauss, Ligeti, akavipa nafasi, na sehemu nyingine mule unasikia pumzi za mwanaanga ndani ya suti yake na hakuna kingine. Ukiondoa zile pumzi na kujaza vayolini umeimaliza ile filamu.

Na kuna njia nyingine ambayo ni kinyume kabisa cha huo muziki wa kubandika: tunga kwanza. Muongozaji Sergio Leone na mtunzi Ennio Morricone, Once Upon a Time in the West, 1968. Muziki mkuu ulirekodiwa kabla kamera haijaanza, na Leone alikuwa anaupiga palepale wanapoigiza, watu wanatembea ndani yake. Angalia mwigizaji Claudia Cardinale anavyoshuka stesheni ya treni, kamera inavyopanda juu ya paa mji ukafunguka, ile sio picha iliyotafutiwa muziki baadaye, vimezaliwa pamoja. Halafu kuna harmonika, kile kinanda kidogo cha kupuliza kwa mdomo. Kuna mtu hana jina, wanamwita kwa chombo anachopiga, na kila akipiga ni uleule mlio wa kukwaruza usiopendeza, na saa zaidi ya mbili hujui kwa nini. Mwishoni unaonyeshwa alikoitoa na siwaambii, ambaye hajaiona akaione, ila ukishajua, kila mlio uliousikia toka mwanzo unabadilika maana kwa wakati mmoja. Hivi nyie mnaelewa ujasiri wa kuficha sababu ya muziki wako mpaka dakika za mwisho? Na kumbuka filamu hiyohiyo inaanza stesheni kwa dakika nyingi tu bila muziki, kuna kinu cha upepo kinachokwaruza, tone la maji linaanguka kwenye kofia, nzi, mtu anavunjavunja vidole vyake vinalia. Morricone, ambaye angeweza kujaza pale chochote, hakujaza.

Naonyeshwa saa. Haya nakimbia.

Mtu anasema hayo yanataka hela. Hapana. The Third Man, 1949, filamu nzima imebebwa na zita, chombo cha nyuzi kinacholazwa mezani, ya Anton Karas, mtu aliyekuwa anapiga kwenye vilabu vya mvinyo Vienna, chombo kimoja. Halloween ya 1978, muongozaji John Carpenter hakuwa na bajeti akatunga mwenyewe, kinanda kinachojirudia kwa hesabu ya mapigo matano matano, mdundo aliofundishwa na baba yake kwenye zile ngoma ndogo za bongo. Masikio yetu yamezoea nne, ile ya tano inakunyima pa kupumzikia. Na Psycho ya 1960 mtunzi Bernard Herrmann alitumia vyombo vya nyuzi tupu, hamna tarumbeta hamna ngoma, na kile kipande cha mauaji bafuni muongozaji Hitchcock alitaka kiwe kimya, Herrmann akabisha akatunga akampigia, Hitchcock akasalimu amri. Kwa hiyo mtunzi na wewe ubishe, wakati mwingine wewe ndo unaiona filamu vizuri.

Sholay, 1975, mwaka uleule wa papa. Tukiongelea filamu za Kihindi tunaishia kwenye nyimbo, na nyimbo za mtunzi R. D. Burman mule ni kubwa kweli, lakini nenda kasikilize harmonika ya Jai, Amitabh Bachchan anayemuigiza kakaa nje jioni anapiga, na Radha yule mjane anazima taa moja baada ya nyingine. Hawaongei. Mapenzi yote ya wale wawili yamebebwa na kile kimelodi, wangepewa mazungumzo yangeharibika.

Black Panther, 2018: mtunzi Ludwig Göransson alienda Senegal akazunguka na mwanamuziki Baaba Maal kwenye ziara yake, akatoka huko na ngoma ya kusema, ile inayoiga sauti ya mtu, kwa ajili ya shujaa T'Challa na filimbi ya Wafulani kwa ajili ya adui yake Killmonger, akachukua Oscar 2019. Kila chombo na mwenyewe wake, mnaona ni hoja ileile. Nilikuwa nataka tukae hapo tusikilize ile filimbi inavyopita kwenye midundo ya kisasa lakini haiwezekani tena. Nyimbo zenye maneno nazo sijazigusa kabisa, Titanic na ile habari ya mtunzi James Horner kurekodi wimbo na Celine Dion kabla muongozaji James Cameron hajajua, tuiache.

Ila hili sitaliacha. Mliopo humu mna filamu mezani sasa hivi, mnazikata, nawajua. Ukirudi leo zima ule muziki wa muda wote, angalia filamu yako kavu toka mwanzo mpaka mwisho, andika sehemu ambazo kweli inashindwa kutembea yenyewe. Zitakuwa chache kuliko unavyodhani. Mpelekee mtunzi hizo peke yake, na script mpe mapema kabla hujapiga picha, usimpelekee wimbo wa mtu mwingine. Haya maswali, nianze na dada pale pembeni aliyenyoosha mkono toka nilipomtaja Kubrick.