Kete Zilizo Mkononi: Hitilafu na Miendelezo Ndani ya Mashine Pepe
(Mhadhara kwa waandishi wa programu, Lamu)

Asalaam aleikum. Wengine mmevuka kutoka Mokowe asubuhi hii, sitawapotezea muda kueleza baitikodi ni nini. Nitarudia neno ambalo walionisikia kabla washalichoka: mkalimani wa baitikodi, ile programu inayozisoma amri za mashine pepe na kuzitekeleza, asijiite mwenyewe. Hitilafu za bei nafuu (ishara za kosa zinazorushwa na kudakwa) na miendelezo inayohifadhika (kazi iliyosalia ya programu, iliyowekwa ili iendelee baadaye), zote zatoka hapo.

Mashine pepe nyingi huanza hivi: fanksheni moja ya C, tuiite "endesha", ina lupu na swichi kubwa. Ikikuta amri ya kuita, "endesha" inaita "endesha". Mistari kumi, mtu anakwenda kunywa kahawa. Kosa limeshaingia. Hali ya programu imegawanyika: nusu iko kwenye miundo yako, nusu iko kwenye steki ya C (rundo ambalo C huweka kumbukumbu za miito yake, si steki ya nyama), nayo huwezi kuisoma wala kuihamisha upendavyo.

Tuchukue bao. Mashimo 32, kete 64. Mchezaji yuko katikati ya kusambaza kete, adhana ya Alasiri inaingia. Mchezo uendelee baada ya sala, pale pale ulipokatikia. Utaandika nini kwenye karatasi? Kila mtu hujibu: kete za kila shimo, na zamu ya nani. Haitoshi, bwana! Kuna kete mkononi ambazo hazijatua, kuna shimo alilofikia, kuna upande anaoelekea. Sahau zile za mkononi, na mkirudi hamtafikisha 64 hata mkihesabu hadi Magharibi.

Mashimo ni vigeu vya fanksheni. Shimo lililofikiwa ni nafasi ya amri inayofuata. Kete za mkononi ni thamani za katikati ya hesabu: umeshasoma 3, unangoja upande wa pili wa kujumlisha urudi. Mkalimani anayejiita mwenyewe amezitia sehemu ya kete hizo kwenye mfuko wa shati la C, kisha anakuuliza mbona bao halihamishiki.

Dawa ni safu yako mwenyewe ya fremu, rekodi moja kwa kila mwito, kwenye hipu, lile eneo la kumbukumbu unaloliomba mwenyewe. Kila fremu ibebe vitu vinne: fanksheni inayoendeshwa, nafasi ya amri inayofuata, mwanzo wa vigeu vyake, na kimo cha thamani zake. Kuita: andika nafasi kwenye fremu ya sasa, weka fremu mpya juu, endelea na lupu ile ile. Kurudi: ondoa fremu ya juu. C haina habari. Python ilifika hapo kwa fanksheni zake katika toleo la 3.11, mwaka 2022, ikiwa na umri wa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo msione haya kuchelewa. Oneni haya kukataa.

Mtego mmoja. Safu ikijaa hukuzwa, na ikikuzwa huenda ikahamia kwingine kwenye kumbukumbu. Kielekezi, yaani anwani ya kumbukumbu, ulichokishika kinabaki kuelekeza nyumba iliyohamwa. Hifadhi hesabu ya nafasi tangu mwanzo wa safu, usihifadhi anwani. Majaribio madogo yote yatapita. Kosa litajitokeza siku fanksheni ya mtu inapojiita mara elfu.

Sasa hitilafu. Njia moja ya kizamani ni kuhifadhi rejista kwa setjmp, fanksheni ya C inayoweka alama ya mahali pa kurukia, kila unapoingia kwenye kizuizi cha kujaribu (try). Yaani asiyerusha kitu ndiye analipa, tena kila mzunguko. Jedwali halina dhuluma hiyo. Kompaila huandika kando mstari mmoja kwa kila eneo: mwanzo, mwisho, mahali pa mdakaji (msimbo unaoipokea hitilafu), aina ya hitilafu. Katika faili za darasa za Java kila kimoja ni baiti 2, mstari mzima 8. Kuingia hakuendeshi amri yoyote. Hitilafu ikirushwa ndipo jedwali linasomwa, fremu baada ya fremu, na mistari ya ndani itangulie ya nje.

Hapa wengi huanguka. Mwisho wa eneo hauhesabiwi kuwa ndani, na fremu iliyoita imehifadhi nafasi ya amri inayofuata. Ikiwa kuita ndiyo amri ya mwisho ya eneo, nafasi hiyo tayari iko nje, na mdakaji aliye mbele ya macho yako haonekani. Punguza moja kabla ya kutafuta.

Na kete za mkononi? Java huzitupa zote, kisha huweka hitilafu peke yake. Haiumizi, kwa kuwa katika Java kujaribu si usemi wenye thamani. Katika lugha ya Kotlin ni usemi, juu ya mashine ile ile, basi kompaila yake hulazimika kuzimwaga kete kwenye vigeu kwanza. Python 3.11 hutia kimo cha steki ndani ya kila mstari wa jedwali, na steki hukatwa hadi hapo. Fanyeni hivyo.

Namsikia anayenong'ona: "Kurusha kutakuwa polepole." Ndiyo, kwa anayerusha! Lakini pima. Mara nyingi kinachokula muda ni ile orodha ya nani kamwita nani. Java huikusanya hitilafu inapoundwa, hata isiporushwa, na gharama hukua na kina cha steki. Tangu Java 7 unaweza kuunda hitilafu isiyo nayo. Watu wa lugha ya OCaml wana haki ya kwenda kinyume: kwao hitilafu ni mlango wa kawaida wa kutokea, basi kuingia hulipiwa nafasi chache za kumbukumbu, na kurusha ni kuruka moja kwa moja kwa mdakaji.

Muda umekwisha na miendelezo sijaigusa. Fremu zikiwa zako, kuchukua mwendelezo ni kunakili safu. Fremu kumi, sawa. Fremu elfu kila unapositisha, umekwisha. Chez Scheme, kompaila ya lugha ya Scheme, hutumia njia iliyoelezwa na Hieb, Dybvig na Bruggeman mwaka 1990: steki hukatwa, sehemu ya chini hufungwa ilivyo, kazi huendelea juu ya kipande kipya, na chini yake huwekwa anwani ya kurudia ya bandia inayojua kufufua kilichofungwa. Mwendelezo wa kutumika mara moja ni rahisi zaidi: bao limehamishiwa chumba kingine, basi. OCaml 5 ilichagua huo. Ukiuendeleza mara ya pili unapata hitilafu. Anayetaka kuirudia hali moja mara kumi, atafute kete 64 nyingine kila mara.

Na mkalimani asiyejiita bado anaweza kunaswa: ile kazi ya kupanga orodha katika lugha ya Lua imeandikwa kwa C. Kilinganishi ulichoipa (fanksheni ya kuamua kipi kitangulie) kikisitisha, unaambiwa huwezi kuvuka mwito wa C. Mnajua kete ziko wapi. Andikeni kazi kama hizo kwa lugha yenu wenyewe au, kama Lua 5.2, ipeni C fanksheni ya pili ya kuendelea nayo.

Kizuizi cha kumalizia (finally, kinachoendeshwa kila unapotoka kwenye kujaribu) silifikii jambo lake. Ila mjue mwendelezo ukiingiwa mara mbili nacho kitakimbia mara mbili, na faili itafungwa ikiwa imeshafungwa. Adhana hiyo. Maswali barazani, baada ya sala.