Tundu la Lenzi na Mandhari ya Nyuma: Mhadhara kwa Wapiga Picha wa Mbeya

Ndugu wapiga picha, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nieleze kwa nini lenzi mbili zinazoelekezwa kwa bibi harusi yuleyule, Mlima Loleza ukiwa nyuma yake, hutoa ukungu usiolingana, yaani mandhari ya nyuma hufifia na kupoteza makali kwa viwango tofauti. Wengi wetu hujibu kwa kutaja namba ya f peke yake, ile inayoonyesha tundu la lenzi limefunguliwa kiasi gani, kama f/1.8, na jibu hilo halitoshi. Namba hiyo ni uwiano tu. Kinachotia ukungu ni upana halisi wa tundu linalopitisha mwanga, ambao hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi, yaani zile milimita zinazotaja lenzi, kwa namba ya f. Lenzi ya milimita 50 kwa f/1.8 ina tundu la takriban milimita 28, ilhali ile ya milimita 200, hata kwa f/4, ina tundu la milimita 50.

Sasa zingatieni jambo ambalo mimi naliona zuri mno katika elimu ya mwanga. Nukta iliyo mbali sana, kama taa ya nyumba iliyo chini ya Loleza wakati wa jioni, huenea pichani ikawa duara ambalo, likipimwa pale aliposimama bibi harusi, upana wake hulingana na upana wa tundu la lenzi. Kwa hiyo lenzi ya 200 huitawanya taa hiyo hadi milimita 50 kando ya shavu lake, na ile ya 50 huishia milimita 28, ijapokuwa mwenye lenzi ndefu amesimama mbali mara nne ili bibi harusi aijaze picha kwa kiasi kilekile.

Ukuta ukiwa karibu, mambo hugeuka. Bibi harusi akisimama nusu mita mbele ya ukuta, lenzi ya 50 iliyo mita 2 kutoka kwake hutoa ukungu wa karibu milimita 6, lakini ile ya 200, kutoka mita 8, hutoa milimita 3 tu, kwa kuwa upana wa tundu huzidishwa kwa nafasi iliyo kati ya bibi harusi na ukuta na kugawanywa kwa umbali wote wa kamera hadi ukutani. Katika studio zetu finyu, basi, kumsogeza mteja mbele kunafaa kuliko kununua lenzi ndefu.

Nasisitiza pia kwamba Loleza haustahili kufutwa. Mkitaka mlima uwe mkubwa na utambulike nyuma ya maharusi, rudini nyuma na lenzi ya 200, kisha mfunge tundu hadi f/16.