Bei ya Nyama, Risasi za Novocherkassk na Kuvunjika kwa Umoja wa Kisovieti

ZUHURA: Haya wasikilizaji wetu karibuni tena, leo tuko na Sovieti, na Meshaki amekomaa kweli kweli kwamba tusianze na Gorbachev, yule kiongozi wao wa mwisho.

MESHAKI: Ndio dada, kwasababu kila mtu akiongelea Sovieti kuvunjika anaanzia 1985, Gorbachev kaingia, kaleta glasnost, yaani uwazi, na perestroika, yaani kuijenga nchi upya, nchi ikamfia mkononi, basi. Mi nataka tuanzie Juni 1962, mji unaitwa Novocherkassk, kusini mwa Urusi karibu na Rostov.

ZUHURA: Tutafika huko, ila tuwape kwanza watu walipotokea hawa Wakomunisti maana kuna vijana wanatusikiliza hawajui kabisa.

MESHAKI: Sawa, fasta. 1917 Urusi iko vitani, askari wanakufa kama nini, Petrograd, mji mkuu wa wakati huo, watu wanapanga foleni ya mkate, wafanyakazi wanaingia barabarani, mfalme wao, Tsar Nicholas II, anaachia kiti, na Novemba mwaka huohuo Wabolsheviki, Wakomunisti wa Lenin, wanaichukua serikali kwa ahadi ya amani, ardhi na mkate. Ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, afu tarehe 30 Desemba 1922 Umoja wa Kisovieti ukaundwa rasmi. Lenin akafariki Januari 1924, kiti mwishowe kikabaki kwa Stalin.

ZUHURA: Na hapo kwa Stalin mi siwezi kupita haraka kaka, samahani. Wakulima walinyang'anywa mashamba na mifugo wakaingizwa kwenye mashamba ya pamoja, nafaka ikawa inachukuliwa mpaka ile ya mbegu, Ukraine wakafa zaidi ya milioni 3 kwa njaa 1932 na 1933, Kazakhstan karibu milioni moja na nusu, na ujue wakati huohuo nafaka inauzwa nje kupata hela ya mashine! Agosti 1932 ikatoka sheria kwamba ukikutwa umeokota hata masuke ya ngano kwenye shamba la pamoja unaweza kupigwa risasi, ukihurumiwa ni miaka 10 jela. Mama ana watoto ndani wanakufa, anaenda kuokota masuke yaliyodondoka, anafungwa miaka 10.

MESHAKI: Na sensa je, waambie ya sensa.

ZUHURA: Ah, hiyo ndo inaniumaga. Januari 1937 wanahesabu watu. Stalin mwenyewe 1934 alishasimama mbele ya chama akasema tuko milioni 168. Sasa sensa inaleta milioni 162. Yaani miaka mitatu imepita na watu wamepungua kuliko alichotangaza, na kila mwenye akili anajua wameenda wapi. Wakafanyaje? Sensa ikafutwa, wakubwa wa idara ya takwimu wakakamatwa, wengine wakapigwa risasi. 1939 ikafanyika nyingine ikatoka milioni 170, wote wakashangilia.

MESHAKI: Sasa fikiria we ni karani wa takwimu baada ya hapo, utaandika ukweli gani tena?

ZUHURA: Hakuna. Na hii tabia waliibeba mpaka mwisho.

MESHAKI: Ila tuwatendee haki, kuna vitu vilifanyika. Kwenye sensa ya 1897 chini ya theluthi moja ndo walijua kusoma, ndani ya miaka arobaini hivi wengi mno wakawa wanasoma. Wakamvunja Hitler, na bei waliyolipa ni watu kama milioni 27. Oktoba 1957 satelaiti ya kwanza, Sputnik, tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin anga za juu, binadamu wa kwanza. Watu wa Afrika waliokuwa wanatoka kwenye ukoloni waliyaona haya na yaliwaingia moyoni. Moscow ikafungua chuo 1960, mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, na vijana wa huku kwetu Afrika Mashariki wakaenda kusoma udaktari na uhandisi.

ZUHURA: Kweli kabisa. Haya, twende Novocherkassk.

MESHAKI: Tarehe 1 Juni 1962, mwaka mmoja na kidogo tu baada ya Gagarin. Asubuhi redio inatangaza nyama imepanda asilimia 30, siagi 25. Sasa hapo mjini kuna kiwanda kikubwa cha vichwa vya treni za umeme, na mwaka huohuo walishawapunguzia wafanyakazi malipo karibu theluthi. Wafanyakazi wanamfata mkurugenzi wanamuuliza tutaishije, na mashuhuda wanasimulia kwamba akawajibu kama nyama hamuimudu kuleni maandazi ya maini.

ZUHURA: Jamani!

MESHAKI: Kazi ikasimama palepale. Wakatoka, wakaizuia treni ya abiria inayoenda Rostov, wakaandika kwenye kichwa cha treni kwamba Khrushchev, kiongozi wa nchi wakati huo, achinjwe awe nyama. Kesho yake wakaandamana kwenda mjini kati, mwendo mrefu tu kwa miguu, wake kwa waume na watoto, wamebeba bendera nyekundu na picha za Lenin. Hawa sio maadui wa ukomunisti, hawa ndo wale wenyewe ambao nchi inasema ni yao. Darajani kuna vifaru, na jenerali anaitwa Matvei Shaposhnikov akakataa kuwageuzia vifaru watu wake, akaamuru risasi zitolewe kwenye silaha. Watu wakapanda juu ya vifaru wakashukia upande wa pili wakaendelea.

ZUHURA: Huyo jenerali baadae alifukuzwa chama.

MESHAKI: Alifukuzwa, eeh. Mbele ya ofisi za chama sasa, askari wengine wakafyatua. Waliokufa 26. Maiti zikazikwa usiku kwa siri, kwenye makaburi tofautitofauti mbali na mji, ndugu hawajui mtu wao yuko wapi, damu haikutoka kwa kusuguliwa ikabidi waweke lami mpya. Wengine saba wakahukumiwa kunyongwa... yaani kupigwa risasi. Na nchi nzima haikuambiwa kitu mpaka mwisho wa miaka ya 80.

ZUHURA: Na we unasema ndo hapo Sovieti ilipoanza kufa.

MESHAKI: Ndio, kwasababu wakubwa waliogopa. Bei za mkate na nyama kwenye maduka ya serikali hazikupandishwa tena karibu miaka 30, mpaka Aprili 1991! Serikali ikawa inalipia tofauti kwa ruzuku, mkate ukawa rahisi mpaka vijijini watu wananunua mkate wanalishia nguruwe, nyama ni bei poa lakini haipo. Watu wa miji ya pembeni wanapanda treni kwenda Moscow kutafuta soseji. Mtu anatembea na mfuko wa wavu mfukoni siku nzima, akiona foleni anasimama kwanza ndo anauliza kinauzwa nini. Nafaka wananunua Marekani na Kanada, na hela inatoka kwenye mafuta ya Siberia. Saudia ilipofungulia mafuta mwishoni mwa 1985, 1986 pipa likashuka chini ya dola 15, na hapo wana vita ya Afghanistan toka Desemba 1979, vijana wanarudishwa kwenye majeneza ya zinki, karibu 15,000 mpaka walipotoka Februari 1989.

ZUHURA: Nakubaliana na wewe kwenye tumbo, ila nakupinga kidogo. Poland, Hungary, Lithuania, Georgia, hawa hata wangeshiba wasingekaa. Ile ilikuwa himaya, inaongozwa toka Moscow. Tarehe 23 Agosti 1989 watu kama milioni 2 wa Estonia, Latvia na Lithuania wameshikana mikono barabarani zaidi ya kilomita 600, wanachodai sio soseji, wanadai ukweli kuhusu mkataba wa siri wa Stalin na Hitler wa 1939 uliowamezesha nchi zao. Moscow ilikana huo mkataba miaka 50, ikakiri Desemba mwaka huo.

MESHAKI: Hapo sina hoja.

ZUHURA: Na Chernobyl kule Ukraine, 26 Aprili 1986, mtambo wa nyuklia unalipuka, watu wa mji wa jirani wa Pripyat wanakuja kuhamishwa siku ya pili kwa mabasi zaidi ya 1,000 wanaambiwa ni siku chache tu, dunia inajua kwasababu Uswidi wamepima mionzi kwao, na tarehe 1 Mei Kyiv watoto wanapigishwa gwaride barabarani! Usishangae tarehe 1 Desemba 1991 Waukraine zaidi ya asilimia 90 wakapiga kura kujitenga. Wiki moja baadae Yeltsin wa Urusi, Kravchuk wa Ukraine na Shushkevich wa Belarus wakasaini msituni Belarus kwamba Umoja umekwisha, na tarehe 25 Desemba Gorbachev akajiuzulu. Zikabaki nchi 15.

MESHAKI: Afu tarehe 2 Januari 1992 Urusi bei nyingi zikaachiwa kwa mpigo, kile walichokiogopa miaka 30. Mfumuko wa bei ukapita asilimia 2,000 mwaka ule, bibi aliyeweka akiba ya kuzikwa ikatosha kununua chakula cha siku chache. 1994 umri wa kuishi wa wanaume Urusi ukashuka chini ya miaka 58. Huku wachache wananunua makampuni ya mafuta kwa bei ya kutupa. Ndo maana mzee wa kule akikwambia zamani ilikuwa bora usimbeze, anakumbuka pensheni yake.

ZUHURA: Simbezi, mi nawalaumu wanaoutumia uchungu wake. Memorial, lile shirika lililokusanya majina ya waliouawa na Stalin, mahakama iliamuru livunjwe Desemba 2021, na miezi miwili baadae vifaru vikaingia Ukraine. Wale wanaofunga nyaraka ndo walewale wanaosema Ukraine haijawahi kuwa nchi.

MESHAKI: Novocherkassk angalau waliokufa walikuja kusafishwa majina, mifupa mingi ikatafutwa na kuzikwa upya miaka ya 90. Wiki ijayo tunarudi Kazakhstan, tuongelee ile njaa na bahari ya Aral, kama nyumbani kuna ndugu aliyesoma Tashkent au Moscow enzi hizo tutumieni sauti yake.