Ruta iko Moshi, wewe uko Arusha: tuweke mlango wa uani

Haya wakuu, karibuni. Faiba ya Moshi ikikatika, ruta huioni tena, na kilomita 80 za kwenda kuchomeka kebo moja ni kichekesho. Leo tunaweka njia ya pembeni inayopita kwenye laini ya simu.

Mezani: Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo), modemu ya 4G ya USB, kebo mbili za konsoli (za kuingia kwenye kifaa moja kwa moja bila mtandao; moja ya ruta, moja ya swichi) zenye chipu ya FTDI. Chaja iwe ya volti 5, ampea 3. Ukiweka ya simu, modemu ikianza kutuma Pi inaweza kuzima. Laini isiwe ya kampuni inayokuletea faiba. Vyote kwenye UPS.

Kuweka mfumo kwenye kadi naruka, mnajua. Chomeka kebo kwenye tundu lililoandikwa CONSOLE, siyo la mtandao lililo jirani, yanafanana.

Andika `ls -l /dev/serial/by-id`, inakuorodheshea kebo zilizochomekwa kwenye Pi. Hapa tulieni. Usitumie ttyUSB0, jina ambalo mfumo huipa kebo kwa zamu. Umeme ukikatika na kurudi, majina hayo yanaweza kubadilishana: unaandika `reload` (amri ya kuwasha upya) ukidhani uko kwenye swichi, kumbe umeiwasha upya ruta. Jina la by-id limebeba namba ya kebo yenyewe. Kebo za bei chee zenye chipu ya CH340 kwa kawaida hazina namba hiyo, ukichomeka mbili linaonekana jina moja. Kwa hizo tumia by-path (jina linalofuata tundu la USB), piga alama kwa maka kwenye kila tundu la USB, usizihamishe. Nasema tena: ttyUSB0, hapana!

Fungua kwa `picocom -b 9600` ukifuatisha jina hilo. Enta... Mh. Ngoja nisogeze kamera. Mnayaona haya madudu? Kebo haijafa, kasi ndiyo hailingani. 9600 ni ya Cisco. Hii ni MikroTik, inataka 115200. Ctrl-A kisha Ctrl-X, tunaanza upya... hiyo, inaomba jina.

Sasa njia. Laini ya kawaida haina anwani ya umma, kwa hiyo Pi ndiyo inayopiga hodi: WireGuard (handaki la siri ndani ya intaneti) kwenda kwenye seva yenye anwani ya umma, `PersistentKeepalive = 25` ili kila sekunde 25 itume ishara na njia isifungwe. Kwenye AllowedIPs (anwani zinazopitishwa handakini) weka anwani za handaki tu, siyo 0.0.0.0/0, yaani kila kitu. Pi 4 haina betri ya saa. Umeme ukirudi saa iko nyuma, na seva inakataa salamu yenye muda wa zamani kuliko ya mwisho iliyopokea. Ukiwa umepitisha kila kitu handakini, Pi haiwezi kwenda kuuliza saa, na bila saa handaki halifunguki. Vitasubiriana hadi upande basi. Mimi huongeza moduli ya DS3231 (saa yenye betri) hata hivyo.

SSH (njia ya kuingia kwenye Pi ukiwa mbali): ufunguo tu, `PasswordAuthentication no`, na fayawoli iruhusu kuingia kupitia wg0 (handaki letu) peke yake. Ukimaliza na ruta, andika `exit` au `/quit` mpaka iombe nenosiri tena. Kufunga picocom hakukutoi. Anayefuata anakuta umemwachia funguo mlangoni. Kwenye Cisco ongeza `exec-timeout 5 0` chini ya `line con 0`, ikiachwa dakika 5 inakutoa yenyewe.

Kabla hujaondoka Moshi, chomoa faiba kwa mkono wako. Zima Pi dakika moja, washa, ingia kwa simu. Ikigoma, angalia kama umeichomekea Pi waya wa LAN: huenda inatokea kwenye faiba ileile uliyoichomoa.