Stima Imepotea Kakamega, Oda Yako Iko New York

Hamjambo wa Kisumu, Nakuru, Kericho na Bungoma, na mulembe kwa wa Kakamega. Maswali mnayonitumia huja mafungu mawili: hisa na kompyuta. Kwa mtu anayenunua na kuuza hisa za Marekani akiwa sebuleni kwake Kondele au Lanet, mafungu hayo ni jambo moja, kwa hiyo leo nayajibu kwa pamoja. Chukua kalamu.

Saa kwanza. Masoko ya hisa ya New York na Nasdaq hufungua saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za huku Marekani na kufunga saa kumi jioni. Nyumbani Kenya hiyo ni saa kumi na nusu jioni hadi saa tano usiku, kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Miezi inayobaki huku saa hurudishwa nyuma, kwa hiyo nyumbani soko hufunguliwa saa kumi na moja na nusu na kufungwa saa sita usiku. Kenya haigusi saa zake, ndiyo maana kila Machi yuko treda anayefungua chati na kukuta wenzake wamemaliza saa nzima sokoni.

Sasa tazama mawingu. Kandokando ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na upande wa Kenya ngurumo hupenda alasiri na jioni. Nusu saa ya kwanza ya soko, bei zinaporuka kuliko wakati mwingine wa siku, ndiyo hiyohiyo ambayo Kakamega na Kericho stima hupenda kupotea. Mvua huipangi wewe. Unachoweza kupanga ni kwamba stima ikienda, ulinzi wa pesa zako usiende nayo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila anayeniuliza habari za chati ni hili: stoplosi yako, yaani oda ya kuuza hisa bei ikishuka hadi pale ulipopanga, inakaa wapi? Ikiwa imetumwa na kukubaliwa na broka, inakaa kwenye seva yake, na kompyuta yako ikizimika bado inafanya kazi. Ikiwa iko kichwani mwako, au ni kengele tu ya bei kwenye skrini, huna stoplosi. Halafu kuna ya tatu inayowakamata hata wazoefu. Wanaotumia MetaTrader, ile programu ya chati na oda, sikilizeni: stoplosi ya kawaida na bei ya kuchukulia faida hukaa kwa broka, lakini ile stopu inayofuata bei huendeshwa na programu iliyo kwenye kompyuta yako. Programu ikifungwa, stopu inabaki pale ilipofikia mara ya mwisho na haisogei tena. Roboti za kununua na kuuza ni vivyo hivyo. Stima ikipotea, roboti imelala.

Aina ya stopu nayo ina maana. Tuseme umenunua kwa dola 40 na umeweka stopu 39.50. Ikiwa ni stopu ya kawaida, bei ikigusa 39.50 oda inageuka kuwa ya kuuza kwa bei yoyote iliyopo. Habari mbaya ikitoka na bei inayofuata ni 38.90, utauza 38.90. Inauma, lakini umetoka. Ukiweka stopu yenye limiti, mathalani usiuze chini ya 39.40, bei ikiruka hiyo 39.40 bila kuigusa, hujauza, na hisa inaendelea kuporomoka ukiwa gizani unatafuta mshumaa. Kwa anayeishi mahali stima si ya kutegemea, mimi nasema stopu ya kawaida, bila limiti. Limiti itumie wakati wa kununua.

Tena angalia muda wa oda. Programu nyingi huiandika oda kuwa ya siku moja usipobadilisha, na soko likifunga, stopu inafutwa. Ukikwama na hisa hadi kesho yake, unalala bila ulinzi na hujui. Chagua ile inayobaki hadi uifute mwenyewe. Na ukiweka lengo la faida pamoja na stopu, zifungwe pamoja ili moja ikitekelezwa nyingine ifutwe. Zisipofungwa pamoja, stopu inaweza kukuuzia hisa zote, kisha lile lengo lililobaki likauza hisa ambazo huna tena, kama akaunti yako inaruhusu.

Kiasi cha kununua: akaunti ya dola 1,000, umeamua biashara moja ikiharibika isile zaidi ya asilimia 1, yaani dola 10. Kati ya 40 na 39.50 kuna senti 50. Kumi gawanya kwa nusu, hisa 20. Hiyo ndiyo hesabu ya vitabuni, nayo hudhani stopu itauza 39.50 kamili. Haiuzi hivyo kila mara. Fanya hesabu kwa senti 80, uchukue hisa 12. Faida itapungua, najua.

Wanaouliza kama wanaweza kufanya hivi kwenye soko la Nairobi: sheria inaruhusu kununua na kuuza siku hiyohiyo, na tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja badala ya mia. Tatizo ni ada. Kamisheni ya broka na tozo zikijumlishwa hukaribia asilimia 2 kununua, na kiasi kama hicho kuuza. Hisa 1,000 kwa shilingi 30 zinakugharimu 30,600. Ili urudishe hizo baada ya kukatwa tena, lazima uuze kwa karibu 31.25. Bei ipande asilimia 4 ndani ya siku ndipo uanze kuhesabu faida, ilhali hisa haziruhusiwi kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Muulize broka wako viwango vyake, huenda vikawa nafuu, lakini Nairobi nunua ukae nazo.

Na mwenye akaunti ya Marekani isiyo ya mkopo akumbuke kwamba tangu 28 Mei 2024 pesa za mauzo ya leo hutua siku ya kazi inayofuata. Ukinunua kwa pesa ambazo hazijatua, kisha ukauza hisa hizo mpya kabla pesa hizo hazijatua, unaandikiwa kosa. Makosa yakirundikana, broka anakubana.

Haya, kompyuta. Chati imeganda. Wengi hukimbilia kuzima rauta. Subiri. Fungua hisa nyingine yenye shughuli nyingi, kwa mfano SPY, mfuko unaofuata hisa 500 kubwa za Marekani. SPY ikisogea na yako imesimama, huenda hisa yako imesimamishwa na soko lenyewe. Bei ikitoka nje ya mipaka iliyowekwa, biashara husitishwa dakika 5, na hakuna rauta itakayoifungua. SPY nayo ikiwa imeganda, tatizo liko kwako au kwa broka.

Hapo fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt), andika ping, nafasi, kisha namba ya rauta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Majibu yakipotea hapo, ni Wi-Fi yako. Ikiwa hapo ni sawa, andika ping -n 100 8.8.8.8 uhesabu yaliyopotea. Kwa treda, kasi ya megabiti 40 yenye upotevu wa asilimia 3 ni mbaya kuliko megabiti 5 isiyopoteza kitu, kwa sababu bei ni data ndogo lakini inataka kufika. Dawa ya Wi-Fi ni waya wa Cat5e au Cat6 kutoka rauta hadi kompyuta. Ukishindwa, tumia Wi-Fi ya 5 GHz badala ya 2.4, ambayo kwenye ploti zenye nyumba zilizobanana imejaa rauta za majirani.

Tazama pia taa za kisanduku cha faiba. LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatika, umepinda mno au tatizo liko upande wa kampuni. Kuzima na kuwasha ni kupoteza muda, hamia kwenye simu. Na mjue kwamba data ya kwenda na kurudi kutoka nyumbani hadi New York huchukua zaidi ya milisekunde 200. Mtindo wa kuingia na kutoka ndani ya sekunde chache usiujaribu kutoka Kisumu. Mwezi Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari, intaneti ya nchi nyingi za Afrika Mashariki ilienda polepole, na hapo fundi wa mtaani hana la kufanya.

Stima sasa. Rauta ndiyo ya kwanza, kwa kuwa ni rahisi na watu huisahau. Soma kibandiko cha adapta yake: nyingi ni volti 12, ampea 1 au 2, lakini zipo za volti 9, na ukiipa 12 unaweza kuichoma. Nunua UPS ndogo ya rauta, yaani betri inayoshika kazi stima ikipotea, yenye volti hizohizo. Ya mAh 8,800 ni wati-saa 32 hivi, na rauta ya wati 10 itakaa saa mbili na nusu mpaka tatu. Mitandao mingi ya faiba haina kifaa cha stima kati ya kituo na nyumba yako, kwa hiyo mtaa mzima ukiwa gizani bado unaweza kuwa hewani. Lakini kampuni nyingine huweka swichi juu ya nguzo au ndani ya jengo, na stima ikipotea swichi inakufa. Utajua siku stima itakapopotea na rauta yako iwe inawaka.

UPS ya kompyuta ya mezani: 650VA si wati 650. Soma nyuma, utakuta kama 360. Ndani kuna betri moja ya volti 12, ampea-saa 7, na kwa mzigo wa wati 100 usitarajie zaidi ya nusu saa. Betri hiyo ikifika mwaka wa tatu hukupa dakika chache tu. Badilisha betri, si UPS nzima. Usichomeke printa ya leza hapo, itaiangusha.

Wa laptopu mna nafuu, lakini pimeni betri: amri ni powercfg /batteryreport. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Ikiwa chini ya nusu, tafuta nyingine. Na ngurumo zikianza, chomoa plagi ukutani. Vizuia mshtuko wa stima vinahitaji waya wa ardhini ulio kamili, na nyumba nyingi za kupanga soketi ina tundu la tatu lisilounganishwa na chochote.

Windows inayojiwasha upya katikati ya biashara: mipangilio yake ya awali hudhani unafanya kazi saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Nje ya hapo inajiona huru kujisasisha na kujiwasha upya, na ndipo soko lako lilipo. Ingia kwenye mipangilio ya masasisho, weka saa za kazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba usiku. Kikomo ni saa 18, kwa hiyo inaingia.

Saa ya kompyuta ikirudi nyuma kila unapochomoa plagi, betri ya CR2032 kwenye bodi imekufa. Tarehe ikiwa mbovu, kivinjari kitakataa tovuti ya broka kikidai si salama. Namba za siri za kuingilia zinazobadilika kila sekunde 30 nazo zitakataliwa ikiwa saa ya simu imepotoka, kwa hiyo iache simu ijirekebishe kutoka kwa mtandao.

Wanaonunua mashine za ex-UK: chukua Intel kizazi cha 8 kwenda juu, mfano ThinkPad T480 au EliteBook 840 G5, kwa kuwa Windows 10 iliachwa 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haivikubali rasmi vizazi vya nyuma. RAM GB 16, diski ya SSD. Kisumu kuna joto na Nakuru kuna vumbi: feni isafishwe, na ukiipuliza hewa izuie isizunguke. Na yeyote anayekuomba uweke programu ya kuingia kwenye kompyuta yako kwa mbali eti akufanyie biashara, mfungie. Broka wa fedha za kigeni anayedai ana leseni ya Kenya, mtafute kwenye orodha ya CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji, si kwenye picha aliyokutumia.

Mwisho, lile kosa la gharama kubwa kuliko yote. Umebonyeza nunua, na papo hapo intaneti imekatika. Usibonyeze tena ikirudi. Huenda oda ya kwanza ilifika, na sasa una hisa 24 badala ya 12, stopu ya 12 tu. Fungua programu ya broka kwenye simu, kwa bando la mtandao usio wa rauta yako, uangalie kwanza unazomiliki, kisha oda zinazosubiri, ndipo uamue. Namba ya simu ya dawati la broka iwe kwenye karatasi ukutani.

Jaribu haya yote kwa akaunti ya majaribio jioni ya kesho, soko likiwa wazi: weka oda na stopu yake, chomoa rauta, zima kompyuta, kisha ingia kwa simu uone stopu kama bado ipo. Isipokuwepo, usiweke hata dola moja ya kweli hadi ujue ilienda wapi.