Claire na Ujuzi wa Kesho

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wapenzi wa tamthilia mlioliacha jua la Kisumu nje mkaja kuketi nasi, nawasalimu.

Nilipotangaza mada hii, wengi mlinijia na lalamiko moja: Claire wa Outlander, tamthilia ya televisheni ya mwanamke anayesafirishwa hadi zama za kale, hapendeki. Ni mkaidi, ulimi wake hauna breki, na akiambiwa akae mahali hakai. Ushahidi mnaoutaja zaidi ni ule wa msimu wa kwanza, ambapo Jamie, mume wake Mskoti, anamwamuru abaki mafichoni, naye anatoka kuyaendea mawe ya Craigh na Dun, mlango wa kurudi kwenye zama zake, anakamatwa na askari wa Kiingereza, na wanaume wanahatarisha maisha yao kumkomboa. Naomba tumfutie shtaka hilo. Muuguzi aliyetoka kwenye Vita Vikuu vya Pili anatupwa ghafla kutoka mwaka 1945 hadi 1743, katikati ya Waskoti wanaomshuku kuwa jasusi, huku mume wake wa kwanza, Frank, akiwa upande wa pili wa mawe yale. Angeketi tu angojee nini? Isitoshe, ukaidi uo huo akiwa nao mwanamume, humu ukumbini tunauita ushujaa.

Kosa lake halisi liko Paris, katika msimu wa pili. Claire anajua kwamba uasi wa Wajakobiti, wafuasi wa ukoo wa kifalme wa Stuart uliopokonywa kiti cha enzi, utazimwa Culloden huko Uskoti tarehe 16 Aprili 1746, kwa mapigano yasiyotimiza hata saa moja, hivyo yeye na Jamie wanakwenda Ufaransa kuuhujumu kabla haujaanza. Hadi hapo niko upande wake. Lakini anajua pia, kutokana na orodha ya ukoo wa Frank, kwamba msichana Mary Hawkins ataolewa na Jonathan Randall, babu wa kale wa Frank na afisa wa Kiingereza yule yule aliyemtesa Jamie. Mary anampenda Alex, mdogo wake Jonathan, kijana mgonjwa aliyepoteza kazi yake kwa sababu ya afya. Basi Claire anamkabili Alex na kumshawishi amwache Mary, akimwonyesha kwamba mtu wa hali yake hawezi kumtunza mke. Anayoyasema yana ukweli, na hilo ndilo linalonikera, kwa kuwa sababu yenyewe, yaani kwamba Frank asipozaliwa yeye atapotewa na mume, haitamki kamwe mbele ya Alex.

Sisi wa magharibi mwa Kenya tunazo habari za watu walioiona kesho. Kimnyole arap Turukat, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho na mtabiri, wa Wanandi, anakumbukwa kwa kutabiri ujio wa wageni na wa nyoka wa chuma, nyoka ambaye mji huu ulimpokea mwaka 1901 reli ilipofika ziwani. Mwaka 1890 watu wake mwenyewe walimuua, wakimtwika lawama za maafa yaliyowapata. Sisemi walitenda haki. Nasema aliyoyaona aliyatamka, na waliomsikia waliweza kumwamini, kumdharau, hata kumwadhibu. Alex hakupewa nafasi hiyo, kwani alidhani anapewa ushauri wa muuguzi, kumbe anaamuliwa maisha yake na mtu aliyekwisha kuusoma ukurasa wa mwisho.

Tena aliusoma vibaya. Mary anapata mimba ya Alex, na Alex, akiwa kitandani karibu na kufa, anamwomba kaka yake amwoe Mary ili mtoto apate jina na ulinzi. Ndoa iliyoandikwa katika orodha ya ukoo ilikuwa ya kweli, ila damu ya Frank inatokana na Alex. Kumbe Claire alikuwa akiyatenganisha mapenzi yale yale yaliyomleta mumewe duniani! Hapa nawapongeza waandishi, kwa kuwa wamemwadhibu Claire kwa kile kile anachojivunia, yaani kujua kwake. Ningetamani tu wampe Mary muda mrefu zaidi wa kumhoji, maana ndiye mwenye kesi.

Sasa nipeni maswali yenu, hasa ninyi mnaomtetea Frank.