Jani Linahesabiwa, Muhogo Hapana

Mhadhara kwa wauzaji wa mboga na matunda, Kadutu, Bukavu

Jambo kwenu wamama, jambo wababa. Sitawakawiza, najua wengine mmeachia majirani meza zenu. Leo tunaongea juu ya mboga, matunda na ugonjwa wa sukari, yaani kisukari.

Hii ni karoti. Nimepima karoti za mama mmoja hapo chini, moja baada ya nyingine, hadi nikapata ya gramu 66. Alinicheka sana. Mwaka 2020 watafiti walitoa matokeo kutoka nchi 8 za Ulaya. Hawakutegemea maneno ya watu, maana mbele ya muganga kila mtu anakula mboga! Walipima damu: vitamini C, pamoja na karotenoidi, yaani ile rangi ya karoti na papai. Waliopata ugonjwa wa sukari wa aina ya pili walikuwa zaidi ya 9,700, wakalinganishwa na kundi la watu zaidi ya 13,000. Kila mboga na matunda yalipozidi kwa gramu 66 kwa siku, hatari ya kupata ugonjwa huo ilionekana kuwa ndogo kwa robo hivi. Karoti moja.

Nimesema "ilionekana". Mla mboga huenda ndiye pia anayetembea sana na asiyevuta sigara. Mambo hayo yaliingizwa kwenye hesabu, ila utafiti wa namna hii hauyamalizi yote. Na waliopimwa ni watu wa Ulaya, si wa Bagira hapa Bukavu.

Sasa tuje kwenye sahani zetu. Bugali ukishuka tumboni unageuka sukari. Kongosho linatoa insulini ili sukari iingie kwenye seli. Kwa mwenye aina ya pili, insulini inabisha hodi na seli haziitiki vizuri. Nyuzinyuzi za mboga zinachelewesha sukari kuingia damuni. Lakini mimi naona kubwa zaidi ni nafasi. Sisi tunajenga mlima wa bugali, kisha sombe, yaani majani ya muhogo, kidogo pembeni ya kuchovyea. Mboga ikiongezeka, mlima upungue.

Shirika la Afya Duniani linasema gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, bila kuhesabu viazi wala muhogo. Angalieni basi: mmea ni mmoja, jani linahesabiwa, muhogo hapana. Sombe msiipunguzie moto, ina sumu inayotaka kutwangwa na kuchemshwa sawasawa. Vitamini C nyingi itapotea, ndiyo, lakini karotenoidi nyingi zinabaki, na mafuta kidogo yanausaidia mwili kuzifyonza. Kidogo, wamama. Si ile sombe inayoogelea katika mawese.

Marakuja je? Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 uliona wanaokula matunda mazima, hasa zabibu na tufaha, wana hatari ndogo, na wanywaji wa maji ya matunda wana hatari kubwa zaidi. Sisi tunachuja, tunatupa mbegu, halafu tunatia vijiko vinne vya sukari na kumpa mgeni kwa heshima! Kata marakuja, chukua kijiko, kula na mbegu zake.

Mama wa nyuma anauliza, aliye na sukari tayari aache dawa ale mboga ya lengalenga? Hapana, mama. Lengalenga ale, dawa aendelee nazo, na damu apimwe kama muganga wake alivyomwambia. Hata tunda ale, zima, ila si beseni.

Karoti hii irudi kwa mwenyewe. Nimeiazima tu.